Nyimbo za Boke, Jina la Mseti

Musoma, 14 Februari 2000

Dada Wankyo,

Nakusalimu wewe, Mama, Bibi Boke na kila anayelala chini ya bati la hapo nyumbani Mugeta. Mimi mzima, ila kikohozi cha upepo wa ziwa hakijanitoka. Mvua za kwenu zikoje? Huku samaki wapo lakini hawatuhusu. Sangara siku hizi anapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunabakiziwa kichwa na mgongo, tunakaanga hivyo hivyo na tunashukuru. Kiwanda cha nguo bado kimefungwa, na wenzangu tuliopunguzwa pamoja wengine wanachoma mahindi stendi. Mimi bado nipo dukani kwa Bwana Luhende, nauza kanda za muziki na kumsaidia mambo ya maandishi.

Habari nyingine ni njema. Mshenga wangu amerudi kutoka Kiriba na jibu zuri. Katekista Silasi, baba yake Dorotea, amekubali. Ndoa itafungwa Novemba, Mungu akipenda. Ni watu wa dini hasa, dada, watu wa kusali asubuhi na jioni, na wanachunguza sana mtoto wao anaingia nyumba ya aina gani.

Sasa neno lenyewe. Unakumbuka mwaka ule Luhende alipokuja hapo na mashine yake ya kurekodia, Bibi akaimba mpaka betri zikaisha? Bibi alimwambia achukue nyimbo akazisambaze, wakapeana mikono, yakaisha. Sasa imepita sheria mpya ya hakimiliki. Anavyoeleza Luhende, neno la mdomo na mkono halitoshi tena. Mtunzi akimwachia mtu kazi yake ni lazima iandikwe, mtunzi aje mwenyewe mbele ya afisa atie saini, aje na mtu wa nyumba yake wa kumtambulisha, ndipo uhamisho uandikishwe. Kama mtunzi ni marehemu, mtoto wake ndiye anatia saini. Bila hivyo kanda zitakaa kabatini na redio hazitapiga. Afisa anafika Musoma kila baada ya muda, anapewa chumba katika ofisi ya utamaduni.

Muulize Bibi kama bado anakubali nyimbo zikae kwa Luhende. Nijibu tu ndiyo au hapana, hakuna haja ya kujisumbua na mengine.

Mdogo wako,
Pastory


Mugeta, 11 Machi 2000

Mdogo wangu Pastory,

Barua yako imekaa kwa kondakta wa basi wiki nzima. Alidhani mimi ndiye napaswa kumtafuta, mimi mwalimu niliye na darasa la watoto wasiohesabika. Hata hivyo imefika, na sisi hatujambo. Mama mgongo unamsumbua tangu palizi ya pamba. Mbuzi yule mwenye madoa kazaa mapacha. Hongera kwa mchumba; Mama alipiga vigelegele mpaka jirani wakaja kuuliza nani kajifungua.

Barua niliisoma kwa sauti, Bibi akiwa anapepeta mtama. Akaniambia nirudie pale pa sheria.

"Kwa hiyo serikali inataka kuniona?" akauliza.

"Ndiyo, Bibi."

"Inataka niseme kwa mdomo wangu kwamba nyimbo ni zangu?"

"Ndiyo."

Akaweka ungo chini akaenda kuoga. Nakuambia kweli, alioga, akajipaka mafuta, kama vile afisa anamsubiri nje ya boma. Tangu siku hiyo ukuta wa jiko letu umejaa jina lake kwa mkaa. "Dole gumba sitii," anasema. "Shule ya watu wazima niliendaga kucheza?"

Na kuna jambo la pili. Anasema akimaliza na serikali atafika Kiriba kumwona huyo katekista. "Mama yao nilimwoa mimi, kwa ng'ombe wangu. Na mwanangu nitamwozesha mimi." Unamjua Bibi, hili anamwambia mtu kabla hajataja jina lake. Dereva wa basi la Bunda ameshaambiwa, padri ameshaambiwa, na yule kijana anayenunua ngozi ameambiwa pia.

Basi tuambie siku. Amekwisha peleka kitenge kwa fundi.

Dada yako,
Wankyo


Musoma, 8 Aprili 2000

Dada mpendwa,

Nimefarijika kusikia mko salama na mbuzi wanaongezeka. Mpe Mama pole ya mgongo, nitamtafutia dawa ya kuchua. Huku mvua imechachamaa. Barabara ya kuja Musoma sehemu nyingine magari yanasukumwa, na nimesikia basi moja lililala njiani siku mbili. Kwa mtu wa umri wa Bibi si salama hata kidogo.

Halafu huyo afisa hana ratiba. Leo anakuja, kesho anaahirisha. Bibi anaweza kusafiri bure. Na ukizingatia kwamba ofisini watu wanakaa kwenye benchi tangu asubuhi, na maswali ni mengi, mengine ya ndani kabisa, nani kazaliwa na nani, mimi naona tusimtese mzee wa watu. Mambo ya maandishi ni kazi yangu. Nitaona njia ya kuyamaliza huku huku.

Kuhusu Kiriba pia, asiwe na haraka. Kule kuna taratibu zao. Mwambie nitamjulisha wakati ukifika.

Dorotea anawasalimu, ingawa hamjaonana.

Pastory


Mugeta, 6 Mei 2000

Pastory,

Salamu zako tumezipata na dawa ya Mama imefika, asante, inanuka lakini inasaidia. Huku tumeanza kula mahindi mabichi. Mtoto wa Nyamhanga wa jirani ameumwa surua, amepona.

Mvua unayoisema ilikatika siku ya tatu baada ya barua yako. Bibi alisubiri wiki moja, akavaa kitenge chake kipya, akapanda lori la marobota mpaka Bunda. Kule akasikia kwamba afisa yupo Musoma wiki hiyo nzima. Alimpata kondakta wako, akamtuma akwambie yuko stendi ya Bunda na uje umchukue. Kondakta anasema alikupa ujumbe mkononi, mbele ya duka. Bibi alikaa stendi mpaka magari ya jioni yalipoanza kuondoka, akarudi. Hakusema neno baya. Alisema labda una kazi nyingi.

Sasa nakuuliza mimi, maana mimi sina adabu ya Bibi. Watu wa Kiriba umewaambia nini kuhusu baba yako?

Au nikukumbushe, labda mji umekusahaulisha. Mseti, mume wa Bibi, alikufa kabla ya Uhuru na hakuacha mtoto. Ndugu zake walitaka kumrithi Bibi na kugawana mifugo. Bibi akakataa. Akalima, akafuga, na ng'ombe walipotosha akatoa mahari akamwoa Mama, kama wanawake wengi wa kwetu walivyofanya na wanavyofanya hadi leo, ili nyumba yake isifutike. Ndiyo nyumba ntobhu, na hakuna aliyeificha. Mimi na wewe tulizaliwa humo, na mwanamume aliyempa Mama mimba hahesabiwi; tukaitwa watoto wa Mseti, mtu ambaye hatujawahi kuona hata picha yake. Aliyetulipia shule kwa pamba ni Boke. Aliyekubeba mgongoni mpaka hospitali ulipokuwa unakata roho ni Boke. Huyo ndiye baba tuliyepewa, na mimi sijawahi kuona upungufu wake.

Swali langu liko pale pale. Lijibu.

Wankyo


Musoma, 20 Juni 2000

Dada,

Natumaini pamba imekubali mwaka huu. Nimetuma kwa kondakta sabuni, chumvi, na kitenge cha Mama.

Mwambie Bibi suala la nyimbo limekwisha. Limeandikishwa salama kwa utaratibu mpya, Bwana Luhende ameridhika, na kanda mpya zinatengenezwa. Hana haja ya kusafiri tena. Redio nazo zitaanza kupiga.

Barua yako ya Mei niliipata. Nina haraka leo, gari linaondoka.

Pastory


Mugeta, 30 Julai 2000

Pastory,

Sabuni imefika, na kitenge cha Mama pia. Sitaandika salamu ndefu.

Jumatano tulipeleka pamba kwenye kituo. Mwaka huu wanunuzi ni wa kampuni tatu tofauti, kila mmoja na mizani yake na turubai lake, na mmoja ameleta redio kubwa kuvuta wateja. Wanawake wote wa kijiji walikuwa pale. Bibi alikuwa amekaa juu ya mzigo wake, na mimi nimesimama karibu naye kwa kuwa shule zimefungwa. Mara redio ya Mwanza ikapiga wimbo wake. Ule wa mwaka wa themanini na tatu, alioutunga baada ya kulala kwenye foleni ya duka la ushirika. "Mseti umelala tu, amka uone mkeo anavyogombea kipande cha sabuni." Sauti yake yenyewe. Wanawake wakainuka wakacheza pale pale kwenye vumbi la pamba, wakamvuta Bibi katikati. Sijawahi kumwona amefurahi vile.

Wimbo ukaisha. Mtangazaji akasema, "Huo ni utunzi wake marehemu Mzee Mseti wa Mugeta, wilayani Bunda, mtunzi mkongwe, na waimbaji ni wanawake wa kijiji chake. Mungu ailaze roho yake mahali pema."

Mmoja akasema, "Kumbe Mseti anajiamshaga mwenyewe kaburini?" Mwingine akauliza hiyo foleni ya sabuni Mseti aliionea wapi, mtu aliyekufa Mwingereza akiwepo. Wakacheka, Pastory. Hawakuwa na ubaya, walicheka kwa sababu inachekesha. Hata mpima mizani alicheka, na yeye ni mgeni, amekuja kwa ajili ya msimu tu.

Bibi aliniuliza, "Wamesema nani?" Nikamwambia. Akashika mzigo wake, akapimiwa, akarudi nyumbani. Tangu siku hiyo hajaimba, hata kwenye kusaga. Wanawake wa kikundi chake wamekuja mara mbili kumchukua na amewaambia wamtafute Mseti.

Ni wewe tu unayeweza kuwa umelipeleka jina hilo ofisini. Niambie ulifanyaje na kwa nini.

Wankyo


Musoma, 27 Agosti 2000

Dada Wankyo,

Nimeianza barua hii mara nyingi. Sioni uso wa kuwauliza hali zenu, lakini nawauliza.

Ni mimi. Mtunzi akiwa hai anatakiwa aje mwenyewe na mtu wa nyumba yake. Mtunzi akiwa marehemu anatosha mtoto. Nilimwambia Luhende kwamba nyimbo zilitungwa na marehemu baba yangu Mseti na kwamba Bibi alikuwa anaziimba tu. Yeye alirekodi nyimbo, si ukoo, kwa hiyo aliniamini. Nikasema baba alifariki nikiwa darasa la pili. Nikatia saini kama mwanawe.

Wakati natia saini nilijitetea moyoni. Nilijiambia kwetu kila kitu kinaitwa cha Mseti. Shamba la Mseti, ng'ombe wa Mseti, watoto wa Mseti, na Bibi mwenyewe ndiye anayeyaita hivyo. Basi na nyimbo zikiitwa za Mseti, nimeiba nini? Nilikuwa najidanganya. Ng'ombe na shamba yeye alimpa Mseti kwa hiari yake. Nyimbo hakumpa.

Swali lako la Mei nalijibu sasa. Katekista Silasi nilimwambia hivyo hivyo, kwamba baba alikufa nikiwa mdogo. Mwaka jana, kabla sijapeleka mshenga, nilikula chakula kwao. Mgeni mmoja akaanza kusimulia habari za watu wa ndani huko, mwanamke anamwoa mwanamke. Meza nzima ikacheka. Mimi nilicheka nao, dada. Nilicheka kuliko wao, ili wasinitazame. Dorotea peke yake hakucheka, alikuwa anaondoa sahani. Kuanzia siku ile nimekuwa nikiogopa siku Bibi atakaposhuka kwenye basi na kusema maneno yake kwa mtu wa kwanza atakayemwona.

Ninaona aibu juu yake, na ninaona aibu kwa kuona aibu hiyo. Usimsomee barua hii.

Pastory


Mugeta, 16 Septemba 2000

Pastory,

Hatujambo. Mama haelewi kwa nini nyumba imepoa na mimi sijamweleza.

Nilimsomea. Uliniomba nisimsomee, lakini nyimbo ni zake na aibu ni yake pia. Alisikiliza mpaka mwisho, hata pale pa kwenye meza. Kisha akasema, "Mwacheni mtoto. Mseti nilimpaga ng'ombe, nilimpaga watoto, na nyimbo nimpe. Nitatunga nyingine." Akaenda kufunga ndama. Lakini jioni nilimkuta anafuta ukuta wa jiko kwa kitambaa chenye maji.

Yeye amekusamehe. Mimi bado. Nimeuliza mtu wa utamaduni hapa wilayani, ameniambia kumbukumbu ikiandikwa kimakosa inaweza kurekebishwa. Mwenye kazi aende mwenyewe, aeleze, na atambulishwe na mtu wa nyumba yake. Afisa atakuwepo Musoma wiki ya pili ya Oktoba. Nimemwomba Bibi aende. Alikataa siku nyingi. Nilimwambia kwamba wewe ndiye umeomba, kwamba unataka kusimama naye na kusema yeye ni nani kwako. Hapo ndipo alipokubali, na akaniuliza kama kweli ni wewe uliyesema.

Nimekusemea uongo, Pastory. Ufanye uwe kweli. Atashuka stendi ya Musoma Jumatatu ya wiki hiyo. Usimwache akae pale.

Wankyo


Musoma, 17 Oktoba 2000

Dada,

Nawasalimu wote. Natumaini Bibi alifika salama.

Stendi nilikuwepo kabla ya basi. Alishuka na kile kitenge na kikapu cha michembe ya viazi vitamu. Nilikuwa nimekwisha mwambia Luhende kwamba nilikosea, kwamba mtunzi ni mjane wa Mseti na yuko hai. Hakunigombeza, alisema twende turekebishe. Mengine sikumwambia, lakini niliyaandaa ya kusema ofisini. Nilikuwa nayarudia tangu usiku. "Huyu ndiye aliyemwoa mama yangu. Mimi ni mtoto wa nyumba yake." Ni maneno machache tu.

Tulipopita dukani kumchukua Luhende tukamkuta Katekista Silasi. Alikuwa mjini kwa ajili ya maandalizi ya harusi. Aliposikia bibi mzee wa kwetu anakwenda ofisini, akasema si heshima asisindikizwe na watu wazima, akafuatana nasi. Bibi alimwamkia kwa adabu. Akaniuliza kwa kilugha kama huyo ndiye mkwe. Nikasema ndiye. Nilingoja aseme lile neno lake analomwambia kila mtu. Badala yake akatangulia kutembea.

Afisa ni mama mmoja mpole. Alimwomba Bibi aimbe kidogo. Bibi akaimba ule wa foleni, polepole, na yule mama akaweka kalamu chini kumsikiliza. Akasema hana shaka nyimbo ni zake. Kisha akatazama karatasi ya mwanzo. "Kijana huyu ameandikwa mtoto wa marehemu Mseti. Na wewe ni mjane wa Mseti. Basi huyu ni mwanao?"

Wote wakanitazama. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilifungua mdomo, Wankyo. Silasi alikuwa nyuma yangu, namsikia anavyohema. Bibi alinitazama, akamtazama Silasi, kisha akamjibu afisa kwa Kiswahili, ili wote waelewe.

"Hapana. Mseti alikuwaga na nyumba nyingine. Huyu ni wa kule. Mimi sikuzaa."

"Huna mtoto hata mmoja, Mama?"

"Sina. Nyumba yangu haina mtoto."

Afisa akaandika, akasema basi mashahidi wawili watu wazima watatosha. Bibi akatia saini jina lake lote, hakuweka dole. Luhende na Silasi ndio walioshuhudia. Nyimbo sasa ni za Boke, na uhamisho kwenda kwa Luhende umefanywa upya kwa jina lake. Redio zitaarifiwa. Kila kitu kiko sawasawa, na imeandikwa kwamba hana mtoto.

Nje Silasi alinishika mkono. Alisema nimefanya jambo la Kikristo, kumsaidia mama mkubwa ambaye hana mtoto wa kumsemea. Bibi alikuwa karibu, alisikia. Stendi alinipa kikapu cha michembe chote, akaniambia, "Nenda ukaoe," akapanda gari.

Nitarekebisha, dada. Harusi ikipita, nitarudi ofisini nieleze. Harusi ipite tu kwanza. Usimwambie Mama.

Pastory


Mugeta, 5 Novemba 2000

Mdogo wangu,

Bibi alifika salama, siku nyingi kabla ya barua yako. Ndiyo maana nakuandikia, ili ujue tumeishije hapa katikati.

Alishuka kwenye lori akawaita wanawake wa kikundi kabla hajaingia ndani. Aliwaambia kwamba mwanawe alisimama mbele ya serikali, mkwe wake wa Kiriba akiwepo, akasema kwa sauti: "Huyu ndiye aliyemwoa mama yangu. Mimi ni mtoto wa nyumba yake." Maneno yale yale uliyoyaandaa. Sijui aliyajuaje, maana unasema hukuyatoa. Alisema mkwe alishangaa kidogo, kisha akampa mkono. Aliigiza hata ulivyosimama.

Mama alilia. Mimi pia nililia, nikachinja jogoo, na shuleni nikawasimulia walimu wenzangu wote kwa majivuno. Nilitembea na habari hiyo karibu wiki mbili. Ndipo kondakta akaniletea barua yako.

Nilimfuata Bibi kwenye zizi nikiwa nayo mkononi. Aliitazama bahasha tu, akasema, "Hiyo usiisome hapa." Nikamuuliza kwa nini alijikana. Akasema, "Ulitaka nimwache mtoto mdomo wazi mbele ya wakwe zake?" Nikamuuliza kwa nini basi amewadanganya na watu wa huku. Hapo aliendelea kukamua.

Usijisumbue kuahidi ya baada ya harusi. Fanya au usifanye, lakini usiniandikie tena kuhusu hilo. Kuhusu harusi yenyewe, Mama atakuja nami. Bibi hatakuja, amesema miguu inamuuma. Jana nilimwona anatoka kisimani na ndoo kichwani, hana hata fimbo.

Ameanza kuimba tena, hilo ungetaka kulijua. Ametunga wimbo mpya na unakuhusu. Unasema Pastory hakumwonea haya mzee wake, mjini, mbele ya watu wa dini na watu wa serikali. Kikundi kizima kipo hapa uani sasa hivi kinaufanyia mazoezi, wanataka kukupokea nao siku utakayomleta Dorotea. Mama anapiga vigelegele. Bibi anaongoza, na kila akifika kwenye jina lako anapandisha sauti.

Dada yako,
Wankyo